Fisadi Si Cheo, Baba

Machimboni, karibu na Masumbwe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Shikamoo na kwa mama, najua amekaa hapo pembeni anachambua choroko huku masikio yote yako kwenye barua. Mimi mwili ni mzima. Nakula, nalala, na kile kikohozi cha vumbi kimepungua. Goti lako la kulia linasemaje? Yule ng'ombe mwekundu amezaa, au bado anawazungusha? Huku mvua imekatika mapema, na kila nikitazama mawingu nawaza mtama wenu wa bondeni.

Minza mdogo wangu, wewe ndiye unayesoma. Nakuomba umsomee baba barua hii yote kama ilivyo, na pale Kiswahili kitakapompita mgeuzie Kisukuma. Najua tabia yako ya kuruka mambo mabaya ili wazee wasiumie. Ulifanya hivyo na ripoti yangu ya darasa la sita, na nikakununulia pipi. Leo usiniokoe. Msomee ndani, si pale mlangoni ambapo kila anayepita anasimama, halafu baba mwenyewe ataamua nani mwingine asikie.

Utashangaa, baba, kwa nini nimeandika kama watu wa zamani wakati simu ninayo. Simu yako iko kwenye spika siku zote, na mtu akipita na mbuzi wake anaingia kwenye mazungumzo kunisalimia. Jambo hili siliwezi kwenye spika. Tena nikiisikia sauti yako nitadanganya, kama nilivyodanganya Jumatano ile uliponipigia ukiwa bado mnadani.

Nayakumbuka maneno yako yote. Ulikuwa unacheka hata kabla ya salamu.

"Ng'wanawane, mwanangu, nimezipata habari zako!"

"Habari gani baba?"

"Kuna mnunuzi wa ng'ombe ametoka huko huko Masumbwe. Nikamuuliza, je, Mabula wangu unamfahamu? Akasema, nani hamjui yule, si amekuwa fisadi! Basi nikawaambia wote pale kwenye nyama, sikieni, mwanangu ni fisadi! Wamefurahi hao, wamecheka mpaka wengine machozi. Mmoja kanishika mkono."

Wewe ukaendelea kwamba neno hilo unalisikia redioni miaka yote, kila linapotajwa linatajwa pamoja na watu wenye magari na majumba, watu wa kuitwa mbele ya vikao vikubwa, na leo limefika nyumbani kwetu. Kisha ukasema lile ambalo ndilo limenikalisha chini niandike. Ukasema baada ya mavuno mtagawa ngitili ya marehemu baba mkubwa, yale malisho yote ya kule kilimani, na safari hii magoti yako hayawezi kusimama saa nzima. Mgongo wa kugawia atautoa Mabula. Fisadi mzima, nani atambishia?

Mimi nikajibu, "Asante baba. Nitakuja."

Nilisema asante.

Baba, fisadi si cheo. Wale watu mnadani hawakuwa wanafurahi pamoja nawe. Walikuwa wanakucheka, wewe mzee mzima na kofia yako, na aliyekufanya uchekwe ni mimi. Naona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Nimefanya mabaya mengine maishani, unayajua karibu yote, lakini hakuna lililowahi kukufikia wewe mbele za watu namna hii.

Sasa nikueleze maana yake, maana uliniuliza mwisho wa simu, "Hasa hasa fisadi anafanya kazi gani?" na nikasema mtandao unakatika. Mtandao ulikuwa mzuri kabisa.

Huku machimboni neno hili ni chakula chetu. Kwenye kibanda cha mama ntilie kuna redio, na taarifa ya habari ikianza kila mchimbaji anakuwa hakimu. Akitajwa mkubwa aliyekula mali ya umma, mtu anapiga meza, "Fisadi huyo!" Barabara ikiwa mbovu, mafisadi. Dawa zikikosekana zahanati, mafisadi. Na msemaji mkuu wa kibanda hicho alikuwa mimi mwanao. Nilikuwa nahutubia mpaka chai inapoa. Nilikuwa nasema fisadi anajulikana hata kwa shingo yake, ni nene. Watu wakacheka, na mimi na shingo yangu ya kuku nikajiona niko salama.

Nikatafuta neno la Kisukuma la kukueleza, nikakosa. Si nsambo, maana nsambo anavunja boma akaiba ng'ombe wasio wake. Si mlogi pia. Mtu aliyenifundisha maana yake ni mama mmoja hapa, na nitakufikisha kwake, lakini kwanza nikueleze nilichofanya.

Unakumbuka jinsi nyama inavyogawiwa kwetu ng'ombe akivunjika mguu akachinjwa? Mafungu yanapangwa juu ya majani, mmoja anagusa fungu kwa fimbo na kuuliza la nani, na wewe umesimama umeyapa mafungu mgongo, unataja kaya moja moja. Huoni, kwa hiyo hupendelei. Samuye nzima hakuna aliyewahi kunung'unikia mgongo wako. Nilikuwa mdogo, nakuona umesimama umenyooka unatazama mibuyu mbali huko kama vile nyama hazikuhusu, nami nilikuwa najivuna kwa watoto wenzangu.

Hapa kwenye duara letu, yaani shimo tunalochimba, mawe yakitolewa hugawanywa palepale juu kwenye viroba. Kuna fungu la mwenye duara, kuna la wachimbaji, na kuna la mwenye shamba, yaani mtu ambaye ardhi yake ndiyo imetobolewa. Mwenye duara anaitwa Maduhu. Mwenye shamba ni Mama Kabula, mjane, rika la mama. Zamani kila mgao ulikuwa ugomvi, watu wanashikana mashati, kwa sababu kiroba kimoja kinaweza kuwa na mali, yaani dhahabu, na cha pili kikawa mawe matupu ya kujengea msingi. Siku moja nikasimama nikawaambia, kwetu Samuye baba yangu anagawa hivi. Nikawaonyesha. Walipenda, baba. Ugomvi ukaisha kabisa. Wakanipa jina, wakaniita Mgongo, na kazi ikawa yangu.

Kwa hiyo ile desturi ni wewe uliyenipa, na mimi ndiye niliyeileta hapa.

Wakati ule nilikuwa bado nashuka shimoni kama wengine. Kisha siku moja asubuhi bamba la mwamba likaanguka, likapita karibu na bega langu likavunja matimba, ile miti ya kuzuia udongo. Sikuumia, hata ukucha. Lakini tangu siku hiyo nikikanyaga ngazi ya kwanza nasikia tena lile bamba likianguka. Sikuwaambia nyumbani. Nilikuwa naamka natapika kwa woga, narudi naswaki, nashuka. Maduhu aliniona. Akanivuta pembeni akasema, "Wewe kaa juu, shika winchi. Mgongo wenyewe tunauhitaji, usije ukatuvunjikia huko chini." Nikacheka, nikamshukuru. Hakuniomba kitu siku ile.

Baada ya wiki mbili tatu ndipo akasema. Kwenye mgao yeye ndiye anayegusa mafungu kwa mpini wa sepeto. Akaniambia, "Nikikuuliza 'Huu mzigo wa nani?' jua ni mzuri, taja mimi au vijana. Nikisema 'Na huu je?' mpe mwenye shamba. Yeye ana ardhi, hana haraka." Nikamwambia hapana. Kweli nilimwambia hapana, baba, naomba unihesabie hata hiyo moja. Akasema sawa, hakuna shida, basi kesho ushuke, winchi atashika mwingine. Nikalala nalifikiria hilo. Asubuhi nikasimama juu ya lile shimo, nikatazama ngazi, nikamwendea nikamwambia nimekubali.

Sikupewa hata senti. Nilikuwa najifariji kwa hilo. Nilikuwa nasema moyoni, mimi si kama wale wa redioni, mimi nimepewa kivuli tu na kamba ya kuvuta.

Mama Kabula anaponda mawe yake mwenyewe. Anakaa chini na nyundo, miguu ameinyoosha, kitambaa puani, anaponda mpaka yanakuwa unga, kisha anaosha kwenye karai. Kila mgao alikuwa anaosha anapata maji ya matope. Hakumshuku mtu. Alishuku marehemu mumewe. Alisema labda mzee amekasirika kwa kuwa ameruhusu shamba lake litobolewe karibu na kaburi lake. Akachinja mbuzi, akamwaga pombe pale kaburini, akaomba msamaha. Mgao uliofuata akapata matope. Akachinja mbuzi wa pili, akatuita sote. Mimi nilienda. Nilikaa pale akimwambia mumewe kwa sauti kwamba yeye hakuwa na namna, watoto walikuwa na njaa. Nilisikia yote, na nikala ile nyama. Nilipewa maini, baba, kwa heshima ya kazi yangu.

Minza, usiruke hapo pa maini.

Na kila siku ya mgao, kabla jua halijawa kali, mama huyu alikuwa ananiletea uji wa ulezi kwenye kikombe cha bati. Alikuwa anasema mtu anayesimama kwa ajili ya watu hafai kusimama na njaa. Nilikuwa naunywa wote.

Sijui alianza lini kusikiliza. Yeye anaponda mawe hatua chache tu kutoka pale tunapogawa, na mikono ikiwa na kazi masikio hayana kazi. Mwezi uliopita, mafungu yalipokwisha kupangwa, akanyanyuka akajikung'uta vumbi akasema, "Leo niguse mimi. Mwenye shamba ana haki hiyo." Maduhu akajaribu kufanya utani, lakini watu walikuwa wengi, akampa mpini.

Mimi nilikuwa tayari nimesimama, nimegeuka, natazama miti. Nikasikia sauti ya mama, taratibu, bila kupandisha.

"Na huu je?"

Mdomo wangu ukajibu peke yake. "Mwenye shamba."

"Na huu je?"

"Mwenye shamba."

"Na huu je?"

Hapo ndipo akili yangu ikafika. Sikujibu. Nyundo za wanawake wengine zilikuwa zimenyamaza.

"Geuka, mwanangu," akasema.

Nikageuka. Alikuwa amesimama kwenye mafungu yale mazuri, yaliyotoka kwenye mkanda wa mwamba wenye mali, yale ambayo tangu tuanze hayajawahi kuangukia kwake. Mpini ulikuwa bado juu ya kiroba. Maduhu akaanza kucheka, akasema, "Mimi nilikuwa nauliza tu jamani, anayejibu ni yeye." Nilitamani nimrukie. Lakini ni kweli, anayejibu alikuwa mimi.

Mama Kabula hakumtazama Maduhu kabisa. Akaniambia mimi, "Nilidhani fisadi ni mtu wa redioni. Kumbe ni Mgongo." Nikajaribu kusema mama, mimi si mwizi, sikuchukua hata kokoto. Akatikisa kichwa. "Mwizi ningepiga yowe, watu wangekuja na fimbo tukamkimbiza. Wewe nilikuwa nakupelekea uji."

Basi, baba, hiyo ndiyo maana yake. Sina nyingine iliyo bora kuliko hiyo. Kama Minza atakosa neno la Kisukuma, akwambie tu kuhusu uji, utaelewa.

Hawakunipiga. Ningependa wangenipiga. Walikaa kikao palepale, wakaamua migao yote mpaka mavuno Mama Kabula achague kwanza kwa macho yake, na Maduhu akakubali kwa kuwa wachimbaji walisema vinginevyo wanapanda juu wote na kuacha kazi. Mimi hawakunifukuza. Wameacha kunisalimia tu. Nikiingia kwa mama ntilie redio inaendelea, neno lile likitajwa watu wanatazama vikombe vyao. Ndipo huyo mnunuzi wako wa ng'ombe alipolisikia, akalibeba mpaka mnadani kama mzigo wa kuchekea.

Winchi nimeiacha. Kushuka shimoni bado siwezi, nilijaribu mara mbili nikakwama ngazi ya tatu. Kwa hiyo naponda mawe. Nimekaa chini pamoja na kina mama, na ninaponda ya Mama Kabula, si yangu. Siku ya kwanza nilikaa bila ruhusa nikaanza. Aliniacha. Siku ya tano akanisukumia kitambaa cha kufunga pua. Hajaniambia neno lolote mpaka leo, na uji hauletwi, na sitegemei.

Sasa nifike kwenye ngitili, maana ndiyo sababu siwezi kusubiri. Najua kwa nini wewe unataka mgongo utumike, si kura za makaratasi wala kelele. Ni kwa ajili ya Shangazi Holo. Najua ndugu zako wanasema mwanamke aliyeolewa akarudi hana malisho kwa kaka yake, na wewe peke yako umeshika kwamba naye ana fungu kama wengine. Ulinieleza kwamba mgongo ukishataja jina lake hakuna atakayebisha. Sasa fikiria, mimi nisimame pale, nimtaje shangazi kwenye sehemu yenye kisima, halafu mmoja wao aseme, mnamjua huyu alichofanya Masumbwe? Watakuwa na haki ya kusema. Mgao utavunjika, na atakayepoteza ni yeye. Tayari nimemfanya mjane mmoja achinje mbuzi bure. Sitaki nimwongeze shangazi yangu.

Kwa hiyo usinitaje, baba. Kama umekwisha kunitaja, liondoe jina langu. Najua kuwaendea wale watu na kusema umekosea ni kazi nzito kwa mzee kama wewe, na nimekubebesha mimi. Wakikuuliza sababu waambie yote, usinifunike. Wale wa mnadani wakianza tena utani wao, waambie sasa unalijua neno hilo, na aliyekufundisha ni mwanao mwenyewe.

Mgongo utoe wewe. Kama magoti yamekataa kusimama, wakuletee kiti cha mama cha jikoni, ukae umetazama upande wa barabara. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba lazima mtu asimame. Watu hawakuwa wanaamini miguu yako.

Mimi nitakuja baada ya mavuno kama nilivyoahidi, lakini nitakaa upande wa wanaotazama, nyuma kabisa, na ukinipa kazi ya kufunga ng'ombe nitafunga. Kama utaona ni bora nisije, mwambie Minza aniandikie hivyo, nitaelewa. Sitakasirika. Nitalia kidogo, halafu nitaelewa.

Nisalimie mama, mwambie asijifiche kulia nyuma ya jiko, namjua. Nisalimie mjomba wa ng'ombe weusi, na mke wake ambaye bado nina ahadi ya kumletea kitenge. Nisalimie bibi mzaa mama, kama anasikia siku hizi. Nisalimie mapacha wa kaka, waambie mawe waliyoniomba ninayo, yanang'aa lakini si dhahabu.

Na Shangazi Holo, mpe salamu za peke yake. Najua nikifika huwa ananichemshia uji wa ulezi hata kabla sijashusha begi. Mwambie safari hii asichemshe kwanza. Ukiridhia, Minza akamsomee barua hii, yote, bila kuruka. Akishasikia mpaka mwisho na bado akainjika sufuria, basi nitaunywa.

Mwanao asiyeficha tena,

Mabula